Masimulizi Manne ya Bi Amna: Maisha ya Asaad bin Hamood

Mwaka wa 1951, tarehe 19 Machi, masika yakiwa yametangulia kwa siku tisa na paa la makuti likivuja pande mbili, alizaliwa Asaad bin Hamood bin Khelef huko Bumbwini, Unguja, mtoto wa kwanza wa Hamood bin Khelef na Bi Amna, akafuatiwa mwaka 1956 na mdogo wake Wadhah, ambaye tunaye katika sabla hii, ukumbi wa wageni hapa Ibra, Oman, leo siku ya tatu ya msiba.

Alisoma Kurani kijijini na akaingia skuli mwaka 1958, masomo ambayo yalikatika Jumanne ya tarehe 14 Januari 1964, siku mbili kabla ya mfungo wa Ramadhani, pale kundi la watu wenye mapanga lilipoingia uani alfajiri. Bi Amna aliwaingiza wanawe chini ya chanja ya kukaushia mbata, akajilaza kati yao, kiganja kimoja juu ya mdomo wa Asaad na kimoja juu ya mdomo wa Wadhah, na marehemu, ambaye hakuona kitu ila giza na moshi wa jana, alisikia panga likigota mfupa, akahesabu mara saba. Walipotoka walimkuta baba yao barazani, mkono wa kulia ukiwa umetengana naye kwa hatua mbili. Baadaye jamaa walinong'ona kwamba Hamood alikuwa amejificha bandani, kwamba mtoto mmoja alilia, naye akatoka ili awavute wauaji waje kwake, na mnong'ono huo ndio urithi ambao ndugu hao wawili waliondoka nao kisiwani.

Marehemu alimaliza sekondari Mombasa mwaka 1970, akafika Ibra mwaka 1972 pamoja na mama na nduguye, na mwaka 1977 akapelekwa na serikali kusoma historia ya dini katika jimbo la Utah, Marekani, alikokaa miaka sita. Tasnifu yake ililinganisha masimulizi manne ya ono ambalo Wamormoni wanasema dini yao imeanzia, la kijana aliyekwenda kusali msituni mwaka 1820, kwani katika simulizi lake la mwaka 1832 kijana yule anatafuta kusamehewa dhambi na anamtaja Bwana mmoja, katika la 1835 wanamtokea wawili na malaika wengi, na katika la 1838 na la 1842 anauliza kanisa lipi ni la haki, na la kwanza lile, karatasi zake zilikatwa kitabuni zikafungiwa miaka mingi kabla ya wasomi kuziona. Wenzake walikwishagawanyika, hawa wakisema mwongo, hawa wakisema mtume, naye, Mwislamu asiyekuwa na upande humo, alichora jedwali la safu nne, akauliza kwa kila safu ilisimuliwa lini, kwa nani, na msikilizaji alikuwa anahitaji nini. Kwa miaka ishirini na saba aliyofundisha Nizwa, toka 1984 hadi 2011, wanafunzi wake waliijua kauli yake: "Anza na karatasi kongwe, na usimwite mtu mwongo kabla hujajua alikuwa anamjibu nani."

Mwaka 1985 alimuoa Bi Hajar wa Birkat al Mauz, wakajaaliwa Raghad mwaka 1987 na Yaqeen mwaka 1990.

Bi Amna alifariki tarehe 9 Disemba 1999, na siku nne kabla yake marehemu alimuuliza lile alilolibeba tangu ana miaka kumi na miwili, "Mama, ni mimi niliyelia?", akajibiwa, "Si wewe, mwanangu. Ni Wadhah, alikuwa mdogo," na mwalimu wa jedwali, aliyewapa wageni subira ya miaka sita, hakumpa mama yake hata ya siku moja, akaliamini neno hilo na kumchukia nduguye.

Tarehe 17 Machi 2000, siku ya pili ya Idi Kubwa, jamaa walikuwa Samad Ash Shan wakifukua shimo la shuwa, nyama iliyookwa ardhini, moshi ukatoka, na Lujain, binti wa Wadhah, mwenye miaka minne, akaanza kulia. Wadhah, kisu cha kuchunia mkononi, akacheka, "Mnyamazisheni huyo, asije akamtia mtu mapangani kama ami yake!" Marehemu akasema, "Rudia." Wadhah akarudia, akaongeza, "Mama kaniambia mwenyewe. Ulipiga ukelele kama kuku." Marehemu alikuwa ameshika kulabu ya chuma ya kuopolea nyama, ingali ya moto, akaitupa mara moja tu usoni mwa Wadhah, ikaingia katika jicho la kushoto na haikutoka mpaka ilipovutwa, na Wadhah, akipapasa damu yake mwenyewe, alimchoma nduguye kisu ubavuni, akakizungusha, wote wawili wakaanguka ukingoni mwa shimo, nyama ikaachwa ikaungua. Wazee waliwapatanisha kwa karatasi, wakatia saini, na hawakusemezana kwa miaka ishirini na miwili.

Figo iliyochomwa ilitolewa wiki hiyo hiyo, ya pili ilichoka mwaka 2016, na tangu hapo marehemu alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, Raghad akimpeleka kwa gari. Njiani siku moja binti huyo alimuuliza, "Baba, jedwali la Wamormoni umelimaliza. La bibi je?", na jioni yake marehemu alifungua sanduku la Bi Amna na kutoa karatasi ambayo tangu mwaka 1999 alijua imo, akaidharau kwa kuwa ni ya karani wa wakimbizi tu.

Tarehe 21 Juni 2022, joto likiwa nyuzi arobaini na sita, alikwenda Samad Ash Shan na kubisha hodi kwa nduguye. "Kaa kulia," alisema Wadhah, "kushoto sikuoni, umejiondosha mwenyewe." Marehemu akakunjua jedwali la masimulizi ya mama yao, safu ya kwanza akaiacha kwa mwisho. Simulizi la pili lilikuwa la mwaka 1973, mbele ya wazee wa Ibra, ambamo Hamood anapigana kwa jambia na hamna mtoto yeyote, la tatu ni lile aliloambiwa yeye, na safu ya nne ilikuwa tupu.

"Wewe ulimuuliza nini?" alisema marehemu.

Wadhah akasema, "Kaka, nilimuuliza kama ni mimi. Akanambia, si wewe, baba, ni Asaad, aliogopa."

Ndipo marehemu akasoma safu ya kwanza, iliyoandikwa Mombasa tarehe 9 Machi 1964, siku hamsini na tano baada ya mauaji, na kutiwa dole gumba la Bi Amna: "Mume wangu hakujificha. Walimkuta barazani anatia udhu. Wanangu hawakutoa sauti."

Hakulia mtoto yeyote. Mama alimjibu kila mwana kwa kumwondolea dhambi ambayo haikuwapo, na hakuwa na mahali pa kuiweka ila kwa mwenzake. Tangu siku hiyo Wadhah ndiye aliyempeleka hospitali, akiendesha polepole kwa jicho moja, wakigombana njia nzima.

Marehemu alifariki Ibra tarehe 4 Februari 2025, na aliusia masimulizi yote manne yasomwe hadharani, kwa kuwa mnong'ono ulisemwa hadharani siku ile ya Idi. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomsafisha damu miaka tisa, majirani waliopika siku hizi tatu, walimu wenzake wa Nizwa, na jamaa wa Birkat al Mauz. Mwalimu, Mola akulaze pema, na akukutanishe na kiganja kile kikiwa kimeondolewa mdomoni.

Chini ya jedwali aliandika kwa mkono wake gharama ya yote: jicho moja, figo moja, na miaka ishirini na mbili, miezi mitatu na siku nne.