Historia ya Marehemu Silvano Osire, Mpima Moshi wa Molo

Padri wetu, wazee wa ukoo, majirani wa pande zote mbili za mpaka, nanyi mliofika bila kuulizwa mmepitia wapi, familia inawaomba mtulie, msikie maisha ya mtu tunayemlaza leo.

Silvano Osire alizaliwa tarehe 11 Mei 1932 huko Molo, Tororo, mtoto wa kwanza wa mzee Ogwang na mama Ariokot, akaanza shule hapo hapo Molo mwaka 1940, akamaliza sekondari Tororo mjini, akaingia chuo kikuu Kampala mwaka 1952 kusomea fizikia, kisha akapelekwa Uingereza, alikochunguza moshi wa miji na jinsi unavyobadilisha joto la dunia. Aliporudi mwaka 1960 wanawake wa Molo walimcheka kisimani, wakisema, "Mtoto wa Ariokot amepanda ndege kwenda kusomea moshi, na jikoni kwa mama yake umejaa bure!" Naye akacheka pamoja nao, akaingia jikoni mle mle, akaanza kupima.

Tarehe 17 Desemba 1960 alifunga ndoa na Bi Aguti wa Petta, wakajaliwa watoto wawili, Among, aliyezaliwa 1962, na Edimu, aliyezaliwa 1968.

Tarehe 1 Machi 1961 aliajiriwa katika kituo cha hali ya hewa, Tororo. Aliomba ruhusa kwa watu, akaweka sahani nyeupe za bati zenye maji kidogo juu ya mapaa yao, ili vumbi na masizi yatue humo, ayakaushe na kuyapima. Alieleza, shuleni na hata sokoni, kwamba masizi ya tanuri za mkaa, ya malori na ya majani yanayochomwa husafishwa na mvua, kwa hiyo watu wakiyapunguza leo vifua vyao wenyewe vitapona, lakini hewa ya ukaa, ambayo jicho haliioni, hukaa huko juu miaka mingi ikiifunika dunia kama blanketi, na inayotoka kwenye moto wetu wa leo wajukuu wataikuta. Alitamani dunia ianze kupunguza yote mawili mapema, kabla joto halijashika mwendo.

Mwaka 1976, baada ya ndege za Waisraeli kuvamia Entebe, wakati kila kitu kinachong'aa kilipotiliwa shaka, askari waliona sahani yake juu ya paa la Bi Kulusumu, mfanyabiashara wa Tororo mjini, wakauliza anaita ndege gani. Bi Kulusumu akasema, "Afande, hii ya kukamata vumbi." Wakamjibu, "Vumbi? Uganda nakosa vumbi?" Marehemu alichukuliwa siku hiyo, akarudi wiki iliyofuata akitembea ameinama, na dereva wa lori, Bwana Mutwalibu, akamwonya kwamba jina lake bado linatajwa na askari.

Basi tarehe 9 Septemba 1976 alivuka mpaka kwa miguu kupitia Buteba akiwa na Among, ambaye masomo yake yaliishia hapo katika kidato cha pili. Bi Aguti alibaki na Edimu, kwa sababu mama Ariokot hakuweza kutembea, akasema, "Tangulia, baba Among, mama akipata nguvu tutakuja."

Mama hakupata nguvu. Marehemu alipokewa hapa Busia, upande wa Kenya, na mdogo wake, Bwana Edeku, akafundisha sayansi, na kila asubuhi alipanda kilima kilicho nyuma ya nyumba hii kutazama mlima wa jiwe wa Tororo, akiandika kama unaonekana wazi, kwa mbali, au hauonekani, maana hicho nacho ni kipimo cha moshi. Kazi ile ilihitaji kutazama mara moja tu, lakini yeye alisimama pale mpaka chai ikapoa, na hakuna mtu wa nyumbani aliyemwita.

Septemba 1978 moyo ulianza kumsumbua, akalazwa hospitalini, na vita vya Uganda na Tanzania vilipoanza njia ya kupeleka habari ikawa ngumu. Mwezi uliopita, alipokuwa hawezi tena kuinuka, Bwana Edeku alitaka kumfurahisha, akamwambia jiwe linaonekana wazi kabisa, na marehemu akacheka hadi akakohoa, akasema, "Edeku, Januari hii, majani yanachomwa kote, wewe uone jiwe? Andika halionekani." Akafariki Jumapili, tarehe 4 Februari 1979, alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake na wanafunzi, wenye malori, na majirani waliotuletea kuni kavu tupu, kwa kuwa mnajua alivyochukia moshi wa kuni mbichi.

Kiti hiki kando ya jeneza ni cha mjane. Bi Aguti hajajua. Bi Kulusumu, ambaye biashara humleta huku, alivuka Jumatatu na ujumbe, hajarudi, nasi hatukuweza kungoja zaidi. Kwa hiyo tunamwomba yeyote kati yenu atakayefika soko la Molo, kwa njia yoyote, amtafute Bi Aguti, amwambie taratibu, akiwa ameketi, kwamba mumewe hakufa peke yake, na kwamba tumemvika lile shati alilomshonea yeye.

Pumzika, baba Among, kwa amani uliyoikosa njiani.