Kaka Yetu na Uwanda wa Bondeni

Ndugu na majirani, marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili kati ya watano, katika nyumba iliyo juu ya mto, ambako ukifungua dirisha uliuona uwanda wote wa nyasi hadi chini ya milima. Mimi ni kitindamimba wa nyumba ile, na nimeombwa niseme kwa upole. Nitajaribu.

Alisoma shule ya msingi papa hapa bondeni, akamaliza mwaka 1965. Hesabu hazikumpenda, naye hakuzibembeleza. Alijifunza kushona maturubai kwa mjomba wetu, na mwaka 1978 akaanza kukodisha mahema na viti vya sherehe. Ndipo akabaki kuitwa Turubai, hata na walimu wa watoto wake.

Alifunga ndoa mwaka 1980. Siku hiyo alimwacha bibi harusi amesimama, akaenda kukaza kamba ya hema iliyolegea. Wifi yangu alimtania kwa hilo maisha yote.

Mwaka 2009 halmashauri ilitangaza kwamba uwanda ule hautumiki, hivyo utagawiwa. Tukaunda kamati ya kuulinda, kaka akawa mwenyekiti.

"Wakisema hapatumiki, sisi tupatumie," alisema.

Kuanzia hapo, yeyote aliyefanya shughuli yake pale alipewa hema na viti bure. Harusi, mahafali, mikutano ya maombi, vyote vilihamia uwandani. "Mwenzangu, hii ni biashara au sadaka?" wifi alimuuliza. Akacheka tu. Halmashauri ikarudi nyuma, nasi tukajiona tumeshinda.

Hatukuwafikiria wageni. Walikuja harusini kutoka mbali, wakaona milima, wakavuta hewa, wakapiga picha. Mmoja wao alirudi na mpima ardhi. Alitaka kujenga hoteli. Wanakamati wakaanza kuitwa pembeni mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakaingia mitini. Katika mkutano wa mwisho, mwaka jana, kaka alisimama akaomba wanaopinga wanyooshe mikono. Wifi alinyoosha wake. Wengine mlikuwa mmekalia viti vyake, mkatazama chini. Sisemi ili kumwaibisha mtu. Nasema kwa sababu siku ile alivunjika moyo, na hakupona tena.

Kiharusi kilimpata Februari, wiki ileile uzio wa mabati ulipozungushwa uwandani. Wodini kila mara aliuliza, "Wamefika wapi?" Sote tulimdanganya kwamba bado. Wifi alishindwa. Alimshika mkono akamwambia, "Wamemaliza kuchimba, mume wangu. Nyasi hakuna."

Kaka akasema, "Basi mkienda kunizika, msinipitishe kule."

Alifariki tarehe 9 Juni mwaka huu. Mlionung'unika asubuhi kwamba msafara umezunguka mno kupitia njia ya machimbo ya mawe badala ya uwandani, sababu ndiyo hiyo.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano na dada mmoja aliyebaki, ambaye ni mimi. Uwanda alitamani sana kuwaachia wajukuu. Hakuweza, na sioni atakayeweza tena. Mola ampe huko nafasi tuliyoshindwa kumwachia hapa.