Wenyeji wa Tumbo la Nyanjige

Kijiwe chetu kipo nyuma ya soko la Bariadi, kwenye kivuli cha ghala la pamba ambalo mwenyewe alilifunga akahamia Maswa, hajarudi hata kuangalia kufuli. Benchi ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, na anayekaa katikati huzama kidogo. Mimi Sayi ndiye mwenye birika. Nauza kahawa na kashata, na mtu akinikera namuuzia na maneno. Jioni ya juzi upepo wa kiangazi ulikuwa unasukuma nyuzi za pamba chini kwa chini, zinafika kwenye miguu ya watu zinasimama hapo hapo, na sikuupenda upepo ule hata kidogo. Redio alikuwepo, fundi simu, jina lake la ubatizo ni Fredrick lakini halitumiki kwa sababu hanyamazi. Mzani alikuwepo, mzee aliyepima pamba ya watu mpaka akastaafu. Na mzee Mhoja na fimbo yake, na kando yake mpwa wake Masele wa bodaboda, ameshika kikombe bila kunywa.

Habari ya Masele tuliijua wote. Mkewe Milembe kalazwa, tumbo linamwendesha mpaka amebaki macho. Alikuwa amemeza dawa za kila aina, za dukani na za hospitali, dozi juu ya dozi. Watafiti waliokuja kuchunguza matumbo ya watu wa mkoa huu wakasema dawa zile zimeua vijidudu vibaya zikaua na vizuri. Tumbo likabaki kama nyumba iliyohamwa, akaingia mdudu mkorofi asiyesikia dawa. Njia iliyobaki ni kuchukua vijidudu vizuri kwenye choo cha mtu mwenye afya, visafishwe maabara, vipandikizwe kwa Milembe. Vilikuwa tayari. Daktari alitaka jibu kabla jua halijazama, na Milembe alishasema kwamba mumewe akikubali, na yeye amekubali.

Redio: Sasa shida iko wapi, kaka? Piga simu, mkeo apone.

Masele: Shida ni vya nani.

Redio: Kwani ni vya nani?

Masele akamtazama mjomba wake. Mzee Mhoja akainamia fimbo.

Mhoja: Daktari aliniuliza pale kitandani, “Mama yupo?” Nikamjibu, mama yupo.

Mzani: Mama yake Milembe si tulimzika Migato?

Mhoja: Huyo ni mayu. Angeniuliza mayu ningemwambia alishatutoka. Kaniuliza mama.

Nikaweka birika chini. Kwa Kisukuma aliyekuzaa ni mayu, na mama ni bibi yako. Kijana wa watu, katokea mkoa gani sijui, kauliza kwa Kiswahili, mzee kajibu kwa Kisukuma, kila mmoja akaona ameelewana na mwenzake vizuri sana. Na mtaani kwetu kikongwe anayeitwa mama na wakubwa kwa wadogo ni mmoja tu.

Mzani: Usiniambie ni Nyanjige.

Mhoja: Niliwapeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwake. Wakampa kikopo.

Hakuna aliyecheka, na ilikuwa habari ya kuchekesha. Nyanjige anakaa nyumba ya mwisho, bondeni. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa miaka mingi, na watu wa huku macho mekundu ya bibi huyatafsiri kuwa ni uchawi. Lakini la macho ni dogo. Kipindupindu kilipopita kwake kilibeba mume na watoto wote, mmoja baada ya mwingine, msimu mmoja wa mvua. Walikunywa maji ya mtungi mmoja. Yeye ndiye aliyewaosha, akawafulia, akawafumba macho, na tumbo lake halikunguruma hata mara moja. Tangu hapo akipita njiani wanawake hubeba watoto wao. Hawasemi kitu, wanawabeba tu.

Redio: Si mwambie daktari wamekosea mtu?

Masele: Nilimwambia huyu si ndugu yetu. Akasema undugu si lazima, afya ndiyo lazima. Mimi nilipimwa nikakataliwa, nina minyoo. Shemeji zangu wamekataliwa. Choo cha yule bibi kimepimwa magonjwa yote, hakuna hata moja. Daktari anasema hajawahi kuona tumbo lenye wenyeji wengi namna ile.

Redio: Wenyeji?

Masele: Ndivyo anavyowaita. Wenyeji wa tumbo. Anasema huenda ndio waliomkinga siku zile.

Mzani: Na watoto wake hawakuwa nao?

Masele: Nilimuuliza. Akasema hajui.

Bati la ghala likagonga mara moja juu yetu, likatulia. Redio akasogea karibu, na Redio akisogea karibu ujue anakuja na kubwa.

Redio: Mimi nasema hivi. Hakuna kilichomkinga mtu. Kipindupindu chenyewe ndicho kimo mle. Kilimaliza nyumba, kikachoka, kikaona pa kulala, kikalala.

Masele: Wamepima, Redio. Hakimo.

Redio: Kilicholala utakipimaje? We unampima mtu malaria, unamkuta nayo kwa sababu iko macho, inazunguka. Hiki kimejifunika.

Mimi: Kunywa kahawa yako hiyo, inapoa.

Redio: Sayi, wewe uza. Sisi tunajadili mambo ya kitaalamu.

Mzani alikuwa anatazama nyuzi za pamba miguuni pake. Akaanza kusema taratibu, kama mtu ambaye jambo lenyewe hataki kulisema.

Mzani: Kupandikiza si kitu kigeni. Baba yangu alikuwa anafanya. Ng'ombe akiacha kucheua, anakufa. Sasa unamkamata mwingine mzima, unampanua mdomo, unamnyang'anya kile anachocheua, unamlisha mgonjwa. Kesho yake anacheua.

Masele: Kumbe inafanya kazi.

Mzani: Inafanya. Kulikuwa na dume letu moja jekundu, lilikuwa limeshakata tamaa. Baba akaomba kwa jirani, kwa dume lake jeusi. Letu likapona, likanenepa. Ila jioni ng'ombe wakirudi, lile jekundu likawa haliingii kwetu. Linakwenda kusimama kwenye zizi la jirani. Unalipiga, linarudi. Kesho linakwenda tena.

Redio: Lilipenda majani ya kule.

Mzani: Zizini kuna majani? Sikiliza. Siku moja jirani akachinja lile jeusi, kulikuwa na harusi. Letu lilikuwa machungani, mbali, halioni wala halisikii. Likalia. Likalia mpaka jua likazama, na halikula siku ile.

Masele akaweka kikombe kwenye benchi. Mimi nilimhurumia, kwa sababu yeye alikuja pale kutafuta watu wa kumwambia kapige simu, na watu wenyewe ndio hawa.

Redio: Umeona sasa? Na daktari mwenyewe alisema siku ile walipotuita mkutanoni kutueleza utafiti wao, wale wa tumboni wanawasiliana na ubongo. Wanapeleka taarifa. Hasira, usingizi, hamu ya chakula, wao wamo. Sasa jiulize, Milembe ataamka anatamani michembe, viazi vile vikavu, kama Nyanjige. Hilo dogo. Akianza kujua asivyovijua je?

Masele: Vitu gani?

Redio: Unamkuta asubuhi anafagia, anataja majina. Majina ya wale watoto. Na hajawahi kuwaona hata mmoja.

Mimi: Redio, mtu ana mgonjwa.

Redio: Namsaidia afikirie.

Tulidhani mzee Mhoja amesinzia. Kumbe alikuwa anangoja wajinga wamalize.

Mhoja: Nyinyi mnasema wadudu, wadudu. Yule daktari alieleza vizuri, mimi nilikaa mbele. Alisema ni viumbe wadogo, huwaoni. Mtoto anawapata kwa aliyemzaa, naye aliwapata kwa aliyemzaa, hivyo hivyo kurudi nyuma. Wanakula unachokula. Ukiwatunza wanakutunza, ukiwachokoza unaugua. Niambieni, hao ni nani?

Mtu aliyelelewa huku hahitaji kujibu.

Mhoja: Masamva. Wazee wetu waliotangulia. Tunawatambikia nje, kumbe wamekaa ndani. Dawa za Milembe zimewafukuza wa kwao. Sasa mnataka kuwakaribisha wa ukoo mwingine.

Mzani: Na wale watoto wa Nyanjige, mzee?

Mhoja: Nilikuwa sitaki kulisema hilo. Walikufa mikononi mwake. Aliwaosha, akala kwa mikono ile ile. Unadhani walikwenda wapi? Daktari kaona wenyeji wengi kuliko kwa mtu yeyote. Mimi sishangai kwamba ni wengi.

Nikalisogelea jiko la mkaa. Upepo ulikuwa umekata. Simu ya Masele ikaita. Sote tukaona jina la daktari kwenye kioo. Akaitazama ikaita mpaka ikakoma.

Mzani: Jua linakwenda, Masele.

Masele: Naliona.

Redio: Akikataa inakuwaje?

Masele: Wameshasema. Hatafika wiki ijayo.

Redio akainywa kahawa yake, imeshapoa.

Hapo ndipo tuliposikia sauti nyuma yetu.

— Ng'wadila.

Nyanjige alikuwa amesimama kwenye kona ya ghala, khanga kichwani, miguu peku. Hatukujua amefika saa ngapi wala amesikia nini. Tuliitikia kwa heshima, kila mtu kwa sauti ya chini. Mzani akasogea kumpa nafasi, akasogea zaidi ya ilivyohitajika. Nikammiminia kahawa. Akakataa kwa kichwa.

Nyanjige: Masele, ng'wanone. Mgonjwa anaendeleaje?

Masele: Yupo, mama. Hali si nzuri.

Nyanjige: Wale vijana walikuja kwangu. Walikaa kwenye kigoda changu, wakanieleza pole pole, nikaelewa. Siku nyingi sijakaliwa na mgeni. Wamesema hawa wa tumboni, mwanamke akizaa anampa mtoto wake.

Masele: Ndivyo wanavyosema.

Nyanjige: Basi mimi niliwapa wangu. Hawakuwasaidia. Sijui kwa nini hawakuwasaidia.

Alisema hivyo bila kulia, na mimi nilitamani alie. Mtu akilia unamshika bega. Huyu ungemshika wapi.

Nyanjige: Kutoa sikatai, nimeshatoa. Nimekuja kuuliza kitu. Wale vijana niliona haya kuwauliza, nikasema nitawauliza watu wangu. Hawa wakikubali kukaa kwa Milembe, akapona, Mungu akamjalia akazaa. Si atampa mtoto?

Mzani: Atampa, mama. Kwa maneno yao, atampa.

Nyanjige: Huyo mtoto, mimi nitakuwa nani wake?

Nilimtazama mzee Mhoja, ambaye anazijua koo zote mpaka Itilima, nani kamzaa nani na nani anamwitaje nani. Alikuwa anachora chini na fimbo, anafuta, anachora tena. Redio alikuwa anakwangua kitu kwenye kikombe. Mimi nilijishughulisha na mkaa, na mkaa ulikuwa haudai kitu. Dakika chache nyuma tulikuwa na majibu ya kila jambo.

Masele akasimama. Akasogea hatua chache akapiga simu, lakini tulimsikia.

Masele: Daktari, mimi Masele. Wekeni. Ndiyo. Ndiyo, vya huyo huyo. Wekeni sasa hivi.

Akabaki ameshika simu sikioni ingawa upande wa pili walishakata, nadhani alikuwa anaogopa kugeuka. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya soko. Alipogeuka, Nyanjige alikuwa bado amesimama pale pale, anatutazama mmoja mmoja, anasubiri ajibiwe.