Mwalimu Loise na Pampu ya Wakulima

Jioni njema, wasikilizaji wapendwa. Uliye Chewele, uliye Hola, uliye Garsen, na uliye kwetu Kipini, sogea karibu na redio yako. Mimi ni Swabra. Leo tunamkumbuka mwalimu. Jina lake ni Loise Hiribae. Alifundisha katika shule moja ya upili nje kidogo ya mji wa Garsen. Mwezi uliopita alikufa mtoni, kazini, mbele ya wanafunzi wake. Mengi yamesemwa tangu siku ile, na si yote yaliyo kweli. Ndiyo maana nimekwenda kwao, nikakaa nao, nikawasikiliza.

Loise Hiribae alizaliwa Ndera, kando ya Mto Tana. Baba yake alikuwa na mashine ya kusaga mahindi. Mashine ikiharibika, fundi alitoka Malindi. Na barabara ikikatwa na maji, fundi haji. Basi wanawake walirudi kwenye vinu, mikono ikatoka malengelenge. Dada yake mkubwa, Bi Lorna, anakumbuka. "Loise alikuwa bado mdogo sana. Lakini alimchosha baba kwa swali lilelile kila mara. Kwa nini fundi hatoki hapa?"

Swali hilo hakuliacha. Alikwenda Mombasa akasoma ufundi, kisha akasomea ualimu. Alipopangiwa shule karibu na Garsen, alipewa somo la fizikia. Alifundisha fizikia. Lakini kila mwaka aliona jambo lilelile. Watoto wanamaliza kidato cha nne, alama hazitoshi, wanarudi nyumbani kukaa. Wavulana wanashinda stendi. Wasichana wanaozwa. Mwalimu Loise akamwomba mwalimu mkuu ile stoo ya zamani, yenye popo na madawati yaliyovunjika. Akaisafisha. Akaifanya karakana.

Pale karakana, wasikilizaji wapendwa, alifundisha kuchomelea vyuma. Alifundisha kutandaza nyaya za umeme nyumbani. Na zaidi ya yote alifundisha injini na pampu za maji. Wanafunzi wake walikuwa wa kidato cha pili na cha tatu, wavulana kwa wasichana, alasiri baada ya masomo ya darasani.

Si wazazi wote waliopenda. Katika mkutano mmoja baba wa msichana anayeitwa Valary alisimama akasema alimleta mtoto awe daktari, hakumleta anuke oili. Mwalimu Loise alimjibu kwa upole kwamba Valary anaweza kuwa daktari na spana akaijua vilevile. Yule mzee akaketi, lakini hakuridhika.

Kisha akasimama mama mmoja wa Kiorma. Jina lake Sabdio. Ni mjane, mfugaji, alitembea kutoka manyatta, makazi yao ya wafugaji, ng'ambo ya uwanda kuja mkutanoni. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, lakini alichosema kila mtu alikielewa. "Mimi hii kazi sijui. Lakini mtoto anasema roho yake iko huku. Wewe fundisha yeye."

Mtoto huyo ni Tadicha. Likumbukeni jina hilo. Tadicha, mwana wa Sabdio, Morma, mfugaji. Alikuwa kidato cha tatu. Valary, aliyesoma naye, ananiambia Tadicha alikuwa akiweka sikio juu ya injini kama anayemsikiliza ndama mgonjwa, halafu anasema shida iko wapi. Mara nyingi alikuwa sahihi. Na akikosea, alicheka mwenyewe kabla hajachekwa.

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Kando ya mto, si mbali na shule, wakulima wa Kipokomo wana pampu yao ya dizeli. Pampu hiyo ndiyo hupandisha maji kwenye mashamba yao ya mahindi na migomba. Mwalimu Loise alikuwa akiwapeleka wanafunzi pale kujifunza. Aliyeitunza pampu alikuwa kijana anayeitwa Griffin. Griffin ni mtoto wa Mzee Reuben, na Mzee Reuben ni kaka mkubwa wa Harrison, mume wa Loise. Kwa hiyo kwa Griffin, Mwalimu Loise alikuwa mama mdogo.

Ulikuwa wakati wa kiangazi kikali. Ng'ombe walikuwa wanakufa uwandani. Wafugaji walitaka kufika mtoni kupitia malka, zile njia za zamani za mifugo kwenda kunywa maji. Wakulima walisema njia zinapita katikati ya mahindi yao. Maneno yalikuwa makali, na sote tunajua huku kwetu maneno kama hayo yalishatufikisha wapi, mpaka tukazikana.

Asubuhi moja pampu ikakutwa imefunguliwa. Pistoni hazipo. Nozeli hazipo. Na bolti zilitolewa vizuri, hakuna iliyopigwa nyundo. Watu wakasema aliyefungua amefundishwa. Kabla ya jua la utosi jina lilikuwa limeshapatikana. Tadicha. Alikuwa pale na darasa lake juma lililopita. Ni Morma. Na Griffin, mtunza pampu, akasema alimwona akizungukazunguka pale jioni, peke yake.

Tadicha alichukuliwa na polisi shuleni akiwa bado na sare. Akawekwa ndani. Bodi ya shule ikafunga karakana kwa kufuli. Na Mwalimu Loise, aliyekuwa akiamkiwa kila kona, akaanza kusikia maneno nyuma yake. Kwamba amewafundisha adui zetu kutufungulia pampu yetu.

Alikwenda kwenye pampu. Hakuna aliyemtuma. Akachungulia ndani ya injini, akapitisha kidole. Akaona vyuma vimechubuka na kuungua. Oili hakuna, pamekauka kabisa. Mwalimu akaelewa. Injini ile ilikuwa imekwishakufa kabla ya mtu kuifungua. Narudia, wasikilizaji wapendwa, maana hapa ndipo penye jambo. Injini ilikufa kwanza. Ndipo ikafunguliwa.

Akamwita Griffin nyumbani, jikoni kwake. Mumewe Harrison alikuwepo, na yeye ndiye aliyenisimulia. Anasema kijana hakukataa. Alilia. Alisema pampu iliachwa ikinguruma, yeye akapitiwa na usingizi, oili ikaisha, injini ikakwama. Akamwogopa baba yake na wakulima wote. Akafungua, akazitupa pistoni na nozeli mtoni, ionekane ni wizi. Alikuwa amejifunza spana palepale karakana, kwa mama yake mdogo.

Mwalimu Loise alimtaka aende mwenyewe kwa chifu akaseme. Griffin akaahidi. Kulipokucha hakuwepo. Alikuwa amekwenda Malindi.

Hapo Harrison alimsihi mkewe anyamaze. Alimwambia kijana wa Kiorma ataachiliwa tu, ushahidi hakuna, jambo litapoa. Maneno yao ya mwisho usiku huo Harrison hajayasahau. "Nilimwambia, Loise, yule ni mtoto wa kaka yangu. Akaniuliza, na huyu aliye ndani ni mtoto wa nani?"

Kwenye baraza ya chifu, Mwalimu Loise alisimama. Upande mmoja wameketi wakulima, upande mwingine wafugaji. Alieleza alichokiona ndani ya injini, taratibu, kama anavyoeleza darasani. Kisha akasema, "Tadicha hakufanya. Aliyefanya ni wa nyumba yangu, na jina lake ni Griffin." Mzee Reuben alisimama, akachukua bakora yake, akaondoka. Tadicha akaachiliwa.

Ningependa kuwaambia, wasikilizaji wapendwa, kwamba mambo yaliishia hapo vizuri. Hayakuishia. Nyumba ya Mzee Reuben na nyumba ya Loise zinatazamana, uwanja ni mmoja. Tangu siku ile Reuben hakumwamkia tena shemeji yake. Wanawake wengine walikuwa wakimwona anakuja kuchota maji, wanajitwika ndoo zao hata kama hazijajaa. Harrison mwenyewe anakiri alikaa miezi akila chakula cha mkewe bila kumtazama usoni. Na karakana haikufunguliwa. Bodi ilisema ingojwe mpaka watu wapoe.

Na Tadicha hakurudi shuleni.

Mwalimu Loise alimfuata manyatta. Sabdio akampa maziwa, akamwita mwanawe. Tadicha alikuja, akamwamkia mwalimu kwa heshima, akasimama. Mwalimu akamwomba arudi akamalizie masomo. Akamjibu, "Mwalimu, mimi walinifungulia mlango. Jina hawakunirudishia. Nikipita sokoni bado naitwa mwizi wa pampu." Kisha akarudi kwa ndama wake.

Mwalimu hakumlazimisha. Lakini alikwenda tena. Na tena. Sabdio aliniambia hivi: "Yeye alikuja mpaka ng'ombe yetu ikajua yeye." Kila mara alikwenda na kazi za darasani, akakaa na kijana kivulini mwa kibanda wakizipitia. Tadicha alizifanya zote. Shuleni tu ndiko alikokataa.

Mvua zikaja. Nyingi kupita kiasi. Mto ukapanda ukafunika mashamba, watu wakahamia miinuko, shule ikafungwa. Maji yalipopungua wakulima walikuwa wamepata injini nyingine iliyotumika, lakini hakuna wa kuifunga. Waliona haya kwenda kwa Loise. Wakamtuma Harrison akamwombe mkewe.

Loise alikubali, kwa sharti moja. Wanafunzi wake ndio watakaoifunga, Wapokomo na Waorma pamoja, na wakulima watakuwa pale wanatazama. Wakakubali. Alituma salamu kwa Tadicha pia. Tadicha hakuja.

Valary alikuwepo. Anasema walifanya kazi siku nzima na mwalimu alikuwa na furaha kuliko walivyomwona kwa muda mrefu. Alikuwa akiimba wimbo wa kanisani chinichini huku akikaza bolti. Injini ikawashwa, ikashika. Lakini maji hayakupanda. Mwalimu akasema chujio la bomba, kule chini mtoni, limezibwa na tope na majani. Vijana wakajitolea kuingia. Akawakataza. Aliwaambia maji ya baada ya mafuriko hayana adabu, na mtoto wa mtu haingii. Akajifunga kamba kiunoni, akampa Valary na wenzake mwisho wa kamba, akaingia mwenyewe.

"Alikuwa amelifikia bomba," Valary ananiambia. "Alitoa majani mkono mmoja, akatuonyesha. Halafu kamba ikavutwa. Tukavuta na sisi."

Aliyemvuta alikuwa mamba.

Wavuvi wa Kipokomo walishuka na mitumbwi. Vijana wa Kiorma walifuata kingo za mto kwa miguu, pande zote mbili. Walimpata siku iliyofuata, mbali, kwenye kona ya mto. Aliyemwona kwanza ni Tadicha. Alivua shuka yake akamfunika, akakaa naye mpaka mitumbwi ikafika. Hakutaka mtu mwingine ambebe kichwa.

Tulimzika Ndera. Griffin alikuja kutoka Malindi, akasimama mbali na kaburi, hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemkaribisha. Mzee Reuben alikuja pia. Nilimwomba aseme neno, nikadhani atakataa. Alisema, "Uwanja ule ni hatua chache tu. Nilikuwa nangoja aje yeye kwanza."

Familia ya Hiribae kule Ndera, Bi Lorna, na wewe kaka yangu Harrison, pokeeni pole zetu. Wanafunzi wake, pole. Wewe Valary, binti yangu, kamba ile haikuwa mikononi mwako peke yako. Pole sana. Na Mama Sabdio, pole, maana najua nawe umefiwa.

Wasikilizaji wapendwa, pampu ile imesimama mtoni, imefungwa sawasawa, haina mtu. Wakulima hawataki kuigusa. Karakana bado ina kufuli. Wanafunzi wa kidato cha tatu walimwuliza mwalimu mkuu nani atawafundisha, akawaambia wasubiri. Huku kwetu mashine zinaendelea kuharibika, na mafundi wanaendelea kutoka Malindi.

Nimelala na jambo moja tangu nitoke Ndera. Lile la jikoni. Mtoto wa kwenu amekosa, na mtoto wa jirani amefungwa kwa kosa hilo. Hakuna ajuaye ila wewe. Ungesema, ukijua utakavyotazamwa maisha yako yote? Au ungenyamaza, ukale chakula chako kwa amani? Msinijibu mimi. Jibuni wenyewe kwa wenyewe, nyumbani, watoto wakisikia.

Jambo la mwisho. Baada ya mazishi Griffin alimwendea baba yake mdogo, Harrison. Alisema anataka kwenda manyatta, amwambie Tadicha kwa kinywa chake mwenyewe yale aliyoyakimbia barazani, na kama Tadicha ataridhia, waende wote wawili wakalizibue lile bomba la mtoni. Harrison alipeleka ujumbe huo kwa Sabdio, na Sabdio akamfikishia mwanawe.

Hadi naingia studioni jioni hii, Tadicha alikuwa hajajibu.