Historia ya Marehemu Immaculée Lotsove, Aliyefundisha Watoto Wake Nyumbani

Ndugu waombolezaji, wachungaji, majirani wa avenue yetu hapa Nyakasanza, mimi ni Micheline, dada mkubwa wa marehemu na direkta wa shule ya msingi mnayoijua, jamaa wamenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mdogo wangu, nami nayasoma kwa uchungu, na kwa wivu pia, maana nikiwatazama mlivyojaa uani humu kwa ajili yake, nusu yenu ni mimi niliyewafundisha kusoma.

Immaculée alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 kule Fataki, katika Djugu, mtoto wa pili wa baba yetu mzee Fulgence na mama yetu Rachel, na kwa maneno ya mama mwenyewe, siku hiyo nilikataa kula. Alianza darasa la kwanza huko huko mwezi Septemba 1990, nikimpeleka kwa mkono, na kabla mwaka haujaisha alikuwa akisoma kitabu changu cha darasa la nne akichungulia begani kwangu. Mwaka 1999 vita vilituleta Bunia, ambako alipata diplome ya Serikali mwaka 2004, katika ualimu, kwa asilimia sabini na moja. Yangu ilikuwa hamsini na nane, najua mtauliza.

Alirudi Djugu kufundisha tangu Septemba 2005, akafunga ndoa na Evariste, fundi seremala, tarehe 19 Julai 2008, na Mungu akawapa watoto watatu, Espérance aliyezaliwa mwaka 2010, Osée mwaka 2014 na Rébecca mwaka 2017. Mwezi Februari 2018 walikimbia tena, wakafika mlangoni kwangu hapa Bunia na godoro moja, shule yake ikabaki tupu nyuma yao.

Madarasa ya mji mzima yalikuwa yamejaa watoto wa wakimbizi, wazazi walikuwa wakilia mbele ya ofisi yangu, nami nikamtengea mdogo wangu nafasi kwa watoto wake bila kuombwa, naye akazikataa. Evariste alipiga misumari meza moja ndefu, Immaculée akaiweka barazani, akaanza kufundisha watoto wake mwenyewe, kila siku, tangu saa mbili hadi mchana. Watu walisema direkta ameshindwa kuwasomesha watoto wa ndugu yake, chefu wa avenue akaja, mchungaji akaja, na kila mmoja Immaculée alimpa kiti na kumwelezea, bila hasira: "Darasa moya iko na batoto soixante-dix, sabini nzima, mwalimu atajibu nani? Kwangu wako tatu, nitajibu bote." Hakuidharau shule hata siku moja, alisema ni nzuri kwa wengi, ila watoto wake walikuwa wamelala porini wakisikia risasi, walihitaji kwanza mtu asiyeondoka. Baadaye akina mama walianza kuja kila Jumamosi kujifunza namna ya kukaa na mtoto na kitabu, na mmoja wao, mama Elodie, aliwatoa wanawe wawili shuleni kwangu. Mama Elodie, nakuona hapo nyuma.

Mwezi Julai 2022 Espérance alifanya mtihani wa darasa la sita, na kwa kuwa ilibidi aandikishwe na shule, nilimwandikisha kwangu, akavaa blauzi nyeupe na sketi ya bluu kwa mtihani tu, akatoka wa kwanza. Nilinunua kopo la pudra, ile poda nyeupe, nikasimama mlangoni mwa shule nikimngoja, kwa sababu hapa kwetu mtoto akifaulu anamwagiwa pudra kichwani, na nilitaka mkono wa kwanza uwe wangu. Alikuja mbio, akanikumbatia, akaomba kopo, nikampa, naye akapita nalo moja kwa moja hadi nyumbani, na nilipofika nikihema nilimkuta mdogo wangu mweupe tangu nywele hadi viatu, mtoto ndiye aliyemmwagia mama, na avenue nzima ikipiga vigelegele. Pudra ile niliinunua mimi, na mpaka leo inaniuma.

Mwezi Novemba 2024 miguu yake ilianza kuvimba, waganga wa hospitali ya Nyankunde wakaona figo zimechoka, akawa anakwenda na kurudi, na akiwa nyumbani alifundisha amelala kwenye mkeka kando ya meza. Tarehe 30 Agosti mwaka huu aliniita kitandani mbele ya Evariste, nami nilikuwa nimekwisha kuandaa viti viwili shuleni, kimoja cha Osée, anayefanya mtihani mwakani, kingine cha Rébecca, maana Espérance alikwisha kumaliza ya msingi. Akaniambia, mimi dada yake mkubwa: "Yaya, usibapeleke kwa masomo yako. Kuya weye kwa meza." Nilimkumbusha kwamba nina watoto mia nne wananingoja, akajibu: "Bale iko na balimu. Bangu iko na nani?" Aliaga dunia Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na moja.

Jana, watu wakiwa wanakuja kilioni, nilimkuta Rébecca ameketi mezani peke yake, nikakalia kiti cha mama yake, nikamwelezea kugawanya, akanisikiliza kwa heshima yote, kisha akasema: "Mama mukubwa, mama anafundishaka muzuri kupita weye." Niliona wivu, na maiti iko chumbani.

Jumatatu nitamkabidhi msaidizi wangu, mwalimu Lambert, funguo za shule, na nitakaa kwenye meza ile mpaka Osée amalize mtihani wake. Atakayeuliza kwa nini direkta ameacha watoto mia nne kwa ajili ya wawili, aje Jumamosi, nitampa kiti na kumwelezea.

Tunawashukuru waganga na wauguzi wa Nyankunde, majirani mlioleta kuni, maji na viti, walimu wenzangu, na ninyi akina mama wa Jumamosi, mama Elodie pia.

Immaculée, mdogo wangu, Osée akifaulu nitanunua pudra tena, najua atakapoipeleka, na safari hii sitamngoja mlangoni, tutakuja naye hadi kwenye kaburi lako, akumwagie. Pumzika kwa amani.