Spika, Aliyepaliwa na Chai

Ndugu waombolezaji, familia imenipa mimi, pacha wake, kazi ya kuwasomea maisha ya marehemu.

Marehemu, mliyemzoea kwa jina la Spika, alizaliwa nyumbani tarehe 4 Machi 1949, nusu saa kabla yangu, na tangu hapo alinitangulia kila mahali, shuleni mwaka 1957, na kazini mwaka 1970, alipoajiriwa stendi kuu ya mabasi kutangaza safari, kazi aliyoifanya hadi kustaafu, akila huku anaongea, maana mabasi hayakumsubiri ameze. Tarehe 12 Julai 1975 alifunga ndoa na shemeji yangu, mkata tiketi wa dirisha la jirani, aliyesema alimkubali ili apunguze kelele, wakajaliwa mabinti wawili.

Hapa kwa kawaida husomwa maradhi, lakini Spika hakuwa na presha wala sukari, na juzijuzi tu alipanda juu ya paa kurekebisha tangi la maji. Kilichokuwepo ni kupaliwa, chai ikienda kombo, akikohoa mpaka machozi, nasi tukimpiga mgongoni na kumtania kwamba kuna mtu anamsengenya, na sauti yake ilipoanza kuwa na majimaji baada ya kula, tukasema spika imezeeka. Tarehe 9 Juni alipaliwa na chai ya asubuhi, siku ya pili homa ikampanda, tukamkimbiza hospitali, daktari akatueleza kwamba misuli ya kumeza hulegea na umri hata kwa mzima wa afya, na kinywaji kilikuwa kikimwingia mapafuni kidogo kidogo, akafariki tarehe 16.

Ndugu zangu, naogopa. Jana nimepaliwa na maji, na aliyezoea kunipiga mgongoni ndiye huyu aliyelala hapa. Jumatatu nakwenda kupimwa ninavyomeza, na shemeji, pamoja na msiba wake, ananisimamia mezani nikae wima, ninywe kidogo kidogo, nisiongee na tonge mdomoni, nami namtii kama mtoto. Wazee wenzangu, mkipaliwa mara kwa mara msicheke, nendeni mkaonwe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wadi ya wanaume, majirani waliokesha nasi, na wafanyakazi wa stendi, waliozima vipaza sauti asubuhi ya leo kwa heshima yake.

Pumzika kwa amani, kaka yangu, ila basi langu usilitangaze kwanza.