Štefan Aliyehesabiwa Mara Mbili

Tarehe 31 Machi, Bi Vilma Oravcová anastaafu baada ya kuitumikia hifadhi yetu ya nyaraka kwa miaka thelathini na minane. Aliingia akiwa mpiga chapa. Anatoka akiwa tegemeo la kila anayesaka mababu zake katika bonde hili, ambako majina ni yaleyale, wanaobadilika ni watu. Ulimi wake tunaujua. Mgeni mmoja aliyejidai ana damu ya kifalme aliambiwa, "Babu yako alichunga bata, mwanangu. Ila bata wake walinona."

Lakini sisi hatusahau majira ya baridi ya Zlatica.

Zlatica alikuja akiwa na mimba changa. Babu yake, Štefan Hricko, aliuawa vitani angali kijana. Mama yake naye alikufa katika ajali ya basi. Hakubaki wa kuulizwa. Sensa ya mwaka 1930 ilionyesha akina Štefan Hricko wawili, umri mmoja, kijiji kimoja. Mmoja nyumba namba 41, kwa bibi yake Barbora. Wa pili namba 17, kwa Juraj fundi viatu, ambaye ukoo wake ulishikwa na mtetemeko ukubwani, akili zikapotea, wakafa. Ugonjwa huo hurithiwa.

"Babu alilelewa 41," Zlatica alimwambia Vilma, mkono tumboni. "Basi si wa 17, au siyo, mama?"

"Sijui bado, binti yangu."

Vilma akakonda. Alilinganisha ubatizo, chanjo, shule: kote Štefan ni mmoja tu. Alikuwa mtoto wa Juraj. Baba alipoanza kutetemeka, mtoto akapelekwa kwa bibi. Bibi alimhesabu kwake, na mama aliyemzaa, kule 17, hakukubali kumwacha nje ya hesabu.

Dušan, mkuu wetu, alimsihi, "Mwambie kumbukumbu zimevurugika. Utamtia mtoto wa watu kihoro bure."

"Na mwanawe akija kuniuliza, nimjibu nini?"

Vilma alimweleza Zlatica mwenyewe, amemshika mikono. Zlatica alimwita mchawi, akatoka mbio bila koti. Vilma akamfuata nalo kwenye theluji, akamvisha, wakalia pamoja kwenye kituo cha basi. Ndiye aliyemsindikiza kupimwa damu.

Kungoja majibu kulitutesa sote. Simu ikilia, tunashtuka. Vilma alichanganya majalada, jambo ambalo hatujaliona kabla wala baada. Hatimaye Zlatica alipiga: hakuurithi. Vilma alikaa chini sakafuni, akafunika uso kwa aproni yake, akasema, "Nipeni maji, nyie, msinikodolee macho."

Kijana wa Zlatica sasa anasoma chuo, na amekubali kutukatia keki ya sherehe.

Vilma, ahsante kwa kutufundisha kwamba kila jina lilikuwa la mtu. Nenda ukapumzike bustanini, ukawatanie majirani. Tunakuombea siku ndefu, afya njema, na usingizi usio na wasiwasi.